Maelezo binafsi ya kupandishwa cheo: mkuu wa idara kanirudishia, kasema "hii ni orodha". Wenye uzoefu naombeni msaada

Maji_ya_Chini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nina jambo limeninyima usingizi wiki hii. Faili langu la kuomba kupanda kutoka mhadhiri mwandamizi kwenda profesa mshiriki linatakiwa baada ya siku 23. Wasifu uko tayari, machapisho nimeyapanga, tathmini za wanafunzi ninazo, barua za kamati nilizotumikia ninazo. Kilichobaki ni yale maelezo binafsi, kurasa zisizozidi nne, ambamo mwombaji anaeleza kwa kinywa chake utafiti, ufundishaji na huduma aliyotoa.

Niliyaandika kwa siku mbili mfululizo. Nikampelekea mkuu wa idara. Yakarudi na sentensi moja ya kalamu juu ya ukurasa: "Hii ni orodha. Maelezo yako wapi?"

Aya ya kwanza ni hii, nabandika kama ilivyo:

"Mimi ni mtafiti wa maji ya ardhini katika maeneo ya pwani. Tangu nipandishwe cheo mara ya mwisho nimechapisha makala 11 katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, nikiwa mwandishi wa kwanza katika makala 5. Aidha, nimewasilisha mada katika makongamano 7, nimesimamia wanafunzi 6 wa uzamili na 2 wa uzamivu, na nimekuwa mjumbe wa kamati 4. Utafiti wangu umekuwa na mchango mkubwa katika taaluma na jamii kwa ujumla."

Sasa nauliza: kama hesabu hawaitaki, niandike nini? Na kuna la pili linalonielemea zaidi. Nimelelewa na watu waliokuwa wakisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila nikiandika "nimegundua", "nimeanzisha", mkono unakuwa mzito. Najiona natembeza.

Naomba kuwasilisha.

Kalamu Nyekundu

Mkuu, anza na kufuta sentensi ya mwisho. "Mchango mkubwa katika taaluma na jamii kwa ujumla" imo katika kila faili nililowahi kusoma, kwa hiyo haimwelezi mtu yeyote. Waliobaki watakuja na mengine.

Mzee wa Kamati

Nimeketi kwenye kamati za upandishaji vyeo kwa miaka mingi, ya kitivo na ya chuo kizima. Nikueleze faili linavyosomwa, kwa sababu waombaji wengi hawajawahi kuona upande ule wa meza.

Mezani kuna mwanasheria, daktari, mtu wa muziki, mtu wa uhasibu, labda mhandisi mmoja. Anayejua fani yako huenda hayupo kabisa. Kila faili linapewa mjumbe mmoja alisome kwa kina na kuliwasilisha kwa wenzake. Mjumbe huyo ana mafaili mengine, ana madarasa yake, na hataweza kuzisoma makala zako 11 zote akazielewa. Anachokisoma neno kwa neno ni maelezo binafsi. Humo anatafuta sentensi za kuwaambia wenzake zamu yako ikifika. Akikuta hesabu atasoma hesabu, na hesabu wenzake wanayo tayari kwenye wasifu. Mjadala utakwisha kwa dakika tatu, na mtu akiuliza "lakini amegundua nini hasa?" hakuna mwenye jibu.

Kumbuka pia wapimaji wa nje. Mahali pengi wanatumiwa maelezo yako pamoja na wasifu na makala chache ulizozichagua. Wao wanaijua fani, lakini wewe hawakujui. Maelezo ndiyo yanayowaambia waanzie wapi na waitazame kazi yako kwa jicho gani.

Kuhusu methali yako: kizuri kinajiuza pale mnunuzi anapoweza kukishika, kukigeuza na kukinusa. Kazi yako imefungwa ndani ya faili, imeandikwa kwa lugha ya wataalamu wachache, na wewe mwenyewe huruhusiwi kuingia chumbani. Kumwambia mtu kilichomo ndani ya kifurushi si kutembeza.

Nijibu maswali mawili hapa hapa, kwa maneno ya kawaida, bila neno moja la kitaalamu. Unatafuta kujua nini? Na ni jambo gani watu hawakulijua kabla hujalifanyia kazi? Halafu nina la tatu. Umesema makala 11. Zilitoka miaka gani?

Mama Tasnifu

Namuunga mkono Mzee. Nyongeza kwenye hilo la methali: wahenga hao hao walisema mficha uchi hazai.

Maji_ya_Chini

Mzee wa Kamati, shikamoo. Mama Tasnifu, nimekusikia.

Najaribu kujibu. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari, kwa hiyo pwani maji ya ardhini yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya maji, ingawa mpaka wake hauko wazi namna hiyo. Kuna kanuni ya zamani inayosema kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inamaanisha kuna mita kama 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Uzuri wake ndio ubaya wake. Pampu zikishusha maji kwa nusu mita tu, ile chumvi ya chini, ikipewa muda, inaweza kupanda mita 20. Mwenye kisima haoni chochote. Anakuja kujua siku anayoonja chumvi, na hapo amechelewa, kwa sababu kuirudisha chumvi chini huchukua miaka mingi.

Ninachotafuta ni dalili. Kisima kinatoa ishara gani kabla chumvi haijafika mdomoni?

Jambo ambalo halikujulikana: watu wengi walipima chumvi kwa kuchota maji kwenye visima vya kawaida. Visima hivyo vina bomba lenye matundu marefu, maji ya juu na ya chini yanachanganyika humo humo ndani. Namba unayoipata ni mchanganyiko, haikuambii chumvi iko kina gani. Mimi nimeonyesha kwamba katika mwamba wa aina ninayoshughulika nao, kosa hilo linaweza kuficha chumvi inayopanda.

Swali la tatu nilitamani ulisahau. Makala 4 ni za miaka miwili ya mwanzo, 7 ni za miaka mitatu ya mwisho. Katikati kuna miaka miwili na nusu sina hata moja. Ndiyo maana nilizijumlisha nikasema 11, nikitumaini hawataangalia tarehe.

Mzee wa Kamati

Marahaba. Wataangalia. Huwa ni jambo la kwanza tunaloliangalia. Nini kilitokea miaka hiyo?

Maji_ya_Chini

Data ilikufa. Nilikuwa nimepima visima vya kawaida kwa miaka mitatu kama wengine. Siku moja mwanafunzi wangu wa uzamivu akaniuliza kwa nini kisima kimoja kinatoa namba tofauti asubuhi na jioni ya siku ile ile, kutegemea pampu imekimbia kwa muda gani. Nikagundua ule mchanganyiko. Sikuweza kuichapisha data ile kwa dhamiri safi. Ikabidi tuanze upya: kuomba ruzuku, kuchimba mabomba membamba ya uchunguzi, kila moja likifunguka kina chake, kisha kusubiri misimu miwili ya mvua ndipo tupate mfululizo wenye maana.

Kalamu Nyekundu

Na hili hukuliandika popote katika kurasa nne?

Maji_ya_Chini

Popote. Niliona ni aibu.

Mzee wa Kamati

Basi umeificha sura bora ya faili lako. Mtafiti aliyeacha kuchapisha data aliyojua ina kasoro, akajenga njia mpya ya kupima, kisha makala 7 zikatoka katika njia hiyo, ndiye mtu ambaye kamati inamtafuta. Ukinyamaza, msomaji anaona pengo la miaka miwili na nusu analijaza mwenyewe, na watu hawajazi pengo kwa mambo mema. Andika aya nzima kuhusu hilo, na mwanafunzi aliyeuliza mtaje kuwa ndiye aliyeuliza.

Dada wa Maabara

Naomba kuuliza palepale kwenye pengo. Langu ni la miezi 14, nilijifungua na mtoto alikuwa mgonjwa. Mwenzangu ofisini ameniambia nisiguse kabisa, watadhani naomba huruma. Mnasemaje?

Kivuli cha Maktaba

Nakubaliana na mwenzako. Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani, kamati inapima kazi.

Mama Tasnifu

Mimi sikubaliani. Dada, andika sentensi moja au mbili zenye tarehe: kuanzia mwezi huu hadi huu nilikuwa likizo ya uzazi na ya kuuguza, kazi ya maabara ilisimama, ikaendelea tarehe fulani. Ugonjwa wa mtoto huna wajibu wa kuueleza. Usiombe radhi, usiseme "licha ya changamoto nyingi". Kamati haiwezi kuhesabu muda wako sawasawa kama hujawaambia muda wenyewe ni upi. Na kabla hujaandika, soma kanuni za chuo chako. Vyuo kadhaa vina utaratibu wa kusimamisha saa, yaani miezi ya likizo ya namna hiyo haihesabiwi katika kipindi cha kupimwa. Kama haki hiyo ipo kwako, itaje kwa namba ya kanuni.

Ndugu Kivuli, kamati inapima kazi iliyofanyika ndani ya muda. Ukificha muda umeharibu kipimo.

Dada wa Maabara

Nimekaa na hii sentensi yako asubuhi nzima. Asante sana mama.

Hesabu Kwanza

Mimi nije na upande wa namba, maana naona mnazifukuza mno. Kamati nyingi bado zinauliza ni mara ngapi umenukuliwa na faharasa yako ya h ni ngapi. Mtu asipoiweka wataitafuta wenyewe mtandaoni. Heri aiweke yeye.

Mama Tasnifu

Aiweke, lakini ajue anaweka nini. Faharasa ya h aliipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 10 maana yake una makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Haishuki kamwe, kwa hiyo aliyeanza zamani ana faida juu ya aliyeanza juzi, hata kama huyo wa zamani ameacha kufanya kazi. Na fani zinatofautiana mno. Mtu wa tiba na mtu wa hisabati safi huwezi kuwapanga mstari mmoja kwa namba hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kuandika kipimo cha jarida kana kwamba ni cha makala yao. Kipimo kile ni wastani: mwaka huu makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mara ngapi, ukigawanya kwa idadi ya makala hizo. Jarida linaweza kubebwa na makala chache zilizonukuliwa sana, na yako isiwe mojawapo. Azimio la San Francisco kuhusu upimaji wa utafiti, lililoanzia kwenye mkutano wa wanabiolojia wa seli Desemba 2012 na kutangazwa 2013, linasema wazi vipimo vya majarida visitumike badala ya ubora wa makala moja moja katika kuajiri na kupandisha vyeo. Angalia kama chuo chako kimelisaini. Kama kimesaini na wewe unajaza vipimo vya majarida kwenye maelezo yako, hujakisoma chuo chako.

Hesabu Kwanza

Hilo la kusaini sikuwahi kulifikiria. Lakini bado nasema namba zisiondoke zote.

Kalamu Nyekundu

Hakuna anayeziondoa. Namba ikae karibu na jambo inalolithibitisha. "Makala hii imenukuliwa mara 60" haijanieleza kitu. "Njia hii ya kupima sasa inatumiwa na makundi mengine matatu ya watafiti, na kwenye makala zao wameeleza kwa nini waliichagua" imenieleza kitu, na namba imo.

Maji_ya_Chini

Hapo kwenye "nani anatumia" nina swali. Makala nyingi tuliandika watu wanne hadi sita. Nikisema "niligundua" nawadhulumu wenzangu. Nikisema "tuligundua" kamati itajuaje langu ni lipi?

Mzee wa Kamati

Hapa ndipo mafaili mengi yanapozama, hasa ya fani zenye waandishi wengi. Tumia "tu" kwa matokeo na "ni" kwa kazi yako. Tulionyesha kwamba visima vya kawaida vinaficha chumvi; katika kazi hiyo mimi nilibuni mpangilio wa mabomba na kuchambua mfululizo wa misimu, mwenzangu wa kemia alipima sampuli. Ukimtaja mwenzako kwa sehemu yake, msomaji anakuamini zaidi kwenye sehemu yako.

Kuna orodha ya majukumu 14 ya waandishi ambayo majarida mengi yanaitumia siku hizi, inaitwa CRediT: kubuni wazo, kutengeneza njia, kuchambua data, kuandika rasimu ya kwanza, kutafuta fedha, kusimamia na kadhalika. Kama makala zako zina tamko hilo mwishoni, maelezo yako yalingane nalo. Niliwahi kuona faili ambalo mwombaji alidai alibuni wazo, na tamko la makala yake mwenyewe likampa wazo hilo mtu mwingine. Mjadala wa faili lile haukupona.

Nuru ya Darasa

Mmezama kwenye utafiti mpaka mmesahau kwamba kuna ufundishaji. Mimi nafundisha darasa kubwa la mwaka wa kwanza na nimepitia hili mara mbili, mara moja nikakataliwa.

Mara ya kwanza niliandika falsafa. "Naamini katika kumweka mwanafunzi katikati ya ujifunzaji." Nikajaza ukurasa mzima wa naamini. Nikaweka wastani wa tathmini za wanafunzi, 4.3 kati ya 5, nikafunga. Ukurasa ule hauna hata mwanafunzi mmoja ndani yake.

Mara ya pili niliandika kuhusu jambo moja. Wanafunzi wangu walikuwa wanaanguka swali la uwiano kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, na mimi nilikuwa nalifundisha vilevile. Nikaeleza nilivyokusanya karatasi zao za majibu nikayapanga makosa, nikakuta wengi hawakosei hesabu, wanakosea kusoma swali. Nikabadilisha wiki mbili za somo. Nikaweka swali la mtihani la kabla na la baada, na sehemu ya waliopata. Nikaeleza pia kundi ambalo halikubadilika na ninachopanga kulijaribia. Hiyo ilikuwa kurasa moja na robo. Mjumbe mmoja aliniambia baadaye kwamba walibishana kuhusu njia yangu kwa muda, na nilifurahi kusikia wamebishana, maana walikuwa wamesoma.

Kivuli cha Maktaba

Na zile tathmini za wanafunzi, usiziweke?

Nuru ya Darasa

Ziweke kama chuo kinazitaka, lakini zisiwe peke yake. Kuna jaribio lilichapishwa 2015 huko Marekani: kozi ya mtandaoni, walimu wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja akafundisha kundi moja kwa utambulisho wake na jingine kwa utambulisho wa mwenzake. Wanafunzi walimpa alama za juu waliyedhani ni mwanamume, yeyote aliyekuwa nyuma ya jina. Darasa lilikuwa dogo, silichukulii kuwa neno la mwisho, lakini linatosha kukufanya usijenge kesi yako yote juu ya wastani mmoja.

Kama kuna alama mbaya mwaka mmoja, itaje mwenyewe. Sema ilikuwa mara yako ya kwanza kufundisha kozi hiyo, sema ulichobadilisha, onyesha kilichofuata. Na maoni ya wanafunzi yakijirudia, jibu lile linalojirudia, usichague lile tamu peke yake.

Mjumbe wa Kila Kitu

Huduma je? Mimi niko kamati tisa.

Mzee wa Kamati

Eleza mbili. Zile ulizofanya kitu kikabadilika. Zingine wasifu umezibeba.

Mpanda Ngazi

Samahani wadau, yangu si kupanda cheo. Ni ile tathmini ya utendaji ya kila baada ya muda, ya nyongeza ya mshahara. Naweza kutumia maelezo niliyoandika nilipopanda?

Mama Tasnifu

Hapana. Kupanda cheo wanauliza umekuwa nani katika fani na unaelekea wapi. Nyongeza wanauliza tangu tulipokupima mara ya mwisho umefanya nini. Chukulia mfumo wa Chuo Kikuu cha California, ambako kwa kawaida walimu wa ngazi za chini hupimwa kila miaka 2 na maprofesa kamili kila miaka 3: kazi iliyokwisha kuhesabiwa kwenye tathmini iliyopita hairudi tena kama mpya. Kwa hiyo weka mpaka wa tarehe juu kabisa. Kurasa moja na nusu zinatosha. Soma ulichoahidi mara iliyopita, kisha anza na ahadi hiyo: kilichotimia, kilichobadilika na kwa nini. Msomaji anayo ile nakala ya zamani mkononi.

Kivuli cha Maktaba

Mimi nilimwomba mwenzangu aliyepanda mwaka jana maelezo yake nikanakili mpangilio wake, na mwingine nimemsikia anatumia programu ya akili bandia kuandika. Ni vibaya?

Kalamu Nyekundu

Kuomba maelezo ya mtu wa fani yako aliyefanikiwa ni jambo jema, omba hata matatu. Angalia ametumia nafasi kiasi gani kwa kila sehemu, na anaelezaje neno gumu. Sentensi zake ziache.

Ile programu mimi nimesoma mafaili yaliyopita humo. Yote yana "shauku", yote yana "kujitolea", yote yamekuwa "daraja kati ya nadharia na vitendo". Lile la mabomba membamba na mwanafunzi aliyeuliza kuhusu asubuhi na jioni programu isingelijua, kwa sababu mwenye habari mwenyewe alikuwa amelificha. Kagua pia kanuni, kuna vyuo vinataka utamke kama umeitumia. Na faili zima lina mambo ya siri, ujue unalipeleka wapi.

Maji_ya_Chini

Wakuu, siku sita zimepita. Nimeandika upya kuanzia mwanzo. Mwanzo mpya huu hapa, ukosoeni bila huruma:

"Kisima cha pwani hakitoi taarifa kabla ya kuharibika. Maji matamu yaliyo ardhini huelea juu ya maji ya bahari, na kwa makadirio ya kawaida kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari huenda sambamba na mita 40 hivi chini yake. Pampu zikishusha maji kwa nusu mita, chumvi inaweza kupanda mita 20 bila mtumiaji kuona dalili. Kwa miaka minane nimekuwa nikitafuta dalili hiyo.

Miaka mitatu ya kwanza nilipima kwa visima vya kawaida, na makala 4 zilitoka. Kisha mwanafunzi wangu wa uzamivu akaona kisima kimoja kikitoa namba tofauti asubuhi na jioni. Tulipofuatilia tuligundua kwamba bomba lenyewe lilikuwa likichanganya maji ya vina tofauti. Niliacha kuchapisha data hiyo. Kwa miaka miwili na nusu sikutoa makala. Katika muda huo nilitafuta ruzuku, nikabuni mpangilio wa mabomba ya uchunguzi yenye vina tofauti, na tukakusanya vipimo vya misimu miwili ya mvua. Makala 7 zilizofuata zote zimetokana na mpangilio huo."

Kalamu Nyekundu

Nimesoma mara mbili. Nina mawili tu. "Kisima cha pwani hakitoi taarifa kabla ya kuharibika" kisha unasema unatafuta dalili kwa miaka minane: msomaji atauliza, ipo au haipo? Sema kinaonekana hakitoi. Pili, zile makala 4 za kwanza. Je, zinatumia data yenye kasoro?

Maji_ya_Chini

Mbili hazihusiani. Mbili zinatumia.

Mzee wa Kamati

Kwa hiyo sema. Mpimaji wa nje atakuuliza hilo kabla hajamaliza ukurasa.

Maji_ya_Chini

Mzee, niliogopa hapo. Lakini ni kweli kwamba katika makala ya kwanza baada ya pengo tulizirudia hesabu za zile mbili na tukachapisha ni matokeo gani yamesimama na lipi tumelibadilisha. Lipo kwenye jedwali. Nilikuwa sijafikiri kwamba ni la kusema hapa.

Mzee wa Kamati

Liseme kwa sentensi hiyo hiyo uliyoiandika sasa hivi.

Nuru ya Darasa

Na yule mwanafunzi, kwenye sehemu ya ufundishaji mrudishe. Unamfundishaje mtu mpaka anathubutu kumwambia msimamizi wake kwamba data ina shida? Ndiyo sehemu yako ya usimamizi hiyo.

Maji_ya_Chini

Nimeirudia. Tunakaa kila Ijumaa na data mbichi, na mwanafunzi ndiye anayeanza kuisoma kwa sauti, mimi naongea wa mwisho. Sikujua kama hilo ni njia ya kufundisha, nilidhani ni mazoea yangu tu. Limechukua aya nzima.

Mrejesho: leo nimempelekea mkuu wa idara, kurasa tatu na nusu. Amerudisha jioni. Hakuandika neno lolote juu, ila amezungushia namba mbili: kwenye maelezo nimesema makala 11, kwenye wasifu ziko 12. Ile ya 12 imekubaliwa juzi, jarida bado halijaitoa. Nibadilishe wapi?

Mzee wa Kamati

Kote kusomeke 11 zilizochapishwa na 1 iliyokubaliwa, na ile barua pepe ya mhariri ya kuikubali iambatanishe. Ikitoka kabla ya kikao, muulize katibu wa kamati kama faili linaruhusiwa kuongezewa. Usiiite iliyochapishwa kabla haijatoka.